Msimfungie mjomba wako chumbani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mnaweza kumfungia mjomba wako chumbani kwake hapo Mbagala kwa wiki moja ili aache pombe kwa nguvu, ndipo mumpeleke nyumba ya upataji nafuu. Nakuomba, msifanye hivyo.

Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, mwili wake huizoea pombe kiasi kwamba akiikosa ghafla hutetemeka, hutokwa jasho na kukosa usingizi. Nawe umemwona asubuhi akishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagikia kisahani. Wapo wanaoanguka kifafa ndani ya saa 48 za mwanzo, na wapo ambao siku ya pili au ya tatu huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo, huku homa ikipanda na moyo ukienda mbio, na hali hiyo isipotibiwa huua. Hapa mjini tunaiogopa arosto ya unga, yaani mateso ya mtu aliyeikosa heroini, ilhali ya pombe ndiyo iliyo hatari zaidi kwa uhai.

Kwa hiyo aanzie hospitali. Daktari anaweza kumpa dawa kama diazepamu na kuipunguza taratibu, pamoja na vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu mara nyingi huwa amepungukiwa, na upungufu huo huharibu ubongo. Nyumba ya upataji nafuu ifuate baadaye, mwili ukishatulia, maana huko ndiko atakakojifunza kuishi bila chupa.

Kuhusu unga unaoshuku kwamba anautumia, daktari aambiwe, na ni bora aseme mwenyewe bila kusutwa na yeyote kati yenu. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala na Temeke, lakini methadoni hutibu uraibu wa heroini, haitibu wa pombe. Tena anayeichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua akiwa usingizini.

Mpaka amwone daktari, msimnyang'anye pombe ghafla. Akianguka kifafa au akianza kuweweseka, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Huyu ni mdogo wangu, na amekubali kutibiwa kwa hiari yake. Nisingependa tumpoteze kwa haraka yetu. Jumatatu nitafika alfajiri, kabla ya foleni ya Barabara ya Kilwa, twende naye pamoja. Mwandalie kadi yake ya bima na dawa zote anazotumia.

Mama yako