Proksi ya Ofisi, Proksi ya Bure na Tor: Ipi Ijazwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ofisi moja wilayani Newala, mkoani Mtwara. Nataka kupeleka kwa wahusika taarifa ya mizani inayowapunja wakulima wa korosho, bila jina langu kujulikana. Nimeweka Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho wa mtumiaji mtandaoni, katika kompyuta ya ofisi, lakini haiungani, kwa kuwa mtandao wetu hupitia proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano yetu, inayodai jina na nenosiri la kila mfanyakazi. Rafiki yangu amenipa anwani ya proksi ya bure aliyoiokota mtandaoni, akisema nikiijaza nitafichika zaidi. Je, nifuate ushauri wake?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, anwani hiyo usiijaze mahali popote. Tor Browser ina proksi yake ndani ya kompyuta yako, kwa anwani 127.0.0.1 na poti (namba ya mlango wa mawasiliano) 9150, na kutoka hapo mawasiliano husimbwa, yaani hufanywa yasisomeke, na kupitishwa katika vituo vitatu, wala hakuna kituo hata kimoja kinachojua kwa pamoja wewe ni nani na unakwenda wapi. Ukiufuta mpangilio huo na kuweka anwani ya rafiki yako, kivinjari kitaiacha njia ya Tor kabisa, na mwenye proksi hiyo, usiyemjua kwa jina wala kwa sura, ataona anwani ya IP ya ofisi yenu, yaani namba inayoutambulisha mtandao wenu, na tovuti unazozifungua, na kurasa zisizolindwa kwa HTTPS, yaani zisizosimbwa, anaweza hata kuzibadilisha kabla hazijakufikia.

Ipo nafasi nyingine ya proksi, katika mipangilio ya muunganisho ya Tor Browser, iliyowekwa kwa ajili ya mitandao kama huo wenu. Hapo huchaguliwa aina, yaani SOCKS4, SOCKS5 au HTTP, kisha hujazwa anwani, poti, jina na nenosiri ulivyopewa na msimamizi wa mtandao. Ukijaza hivyo Tor inaweza kuunganika, na proksi ya ofisi haitasoma ulichoandika. Itakachokiona, na hapa ndipo penye hatari yako, ni kwamba mfanyakazi mwenye jina lako aliunganika na Tor saa fulani ya siku fulani; taarifa ikiwafikia wahusika jioni ileile, kumtambua aliyeipeleka hakutakuwa kazi ngumu.

Kwa hiyo nakusihi uuache mtandao wa ofisi pamoja na kompyuta yake, kwani kompyuta ya mwajiri inaweza kuwa na programu inayorekodi kila kinachoandikwa, na hapo hakuna proksi itakayokuokoa. Tumia simu yako na bando lako mwenyewe. Tor Browser ya Android hupatikana torproject.org na Google Play, na kwa bando la simu hakuna proksi ya kujaza. Kampuni ya simu, ambako laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, itaona kuwa umeunganika na Tor, lakini haitaona tovuti uliyoiendea. Kabla ya kutuma chochote, fungua check.torproject.org ndani ya kivinjari hicho, na isipothibitisha kuwa unatumia Tor, usiendelee.

Usiingie katika barua pepe yako ya kawaida unapotuma. Ukiambatisha picha ya mizani, ondoa kwanza taarifa za mahali na za simu zinazohifadhiwa ndani ya picha. Na ikiwa karatasi ya vipimo hupita mikononi mwako peke yako, usiitume kama ilivyo.