Huyo Mamdani ni wetu kwa kipi?

Walukuba, Jinja
Novemba 2025

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema msimamizi wako huko Sharjah ni Mhindi, anakuita jina ambalo huwezi kulitamka mbele ya mama yako, na mimi huku napiga vigelegele kwa kuwa Mhindi ameshinda umeya wa New York. "Mama, huyo Mamdani ni wetu kwa kipi?" Kisha ukanikumbusha kuwa marehemu babu yako alikusimulia jinsi Walukuba ilivyosherehekea Wahindi walipofukuzwa. Ukauliza, sherehe ya kweli ni ipi?

Zote mbili ni za kweli. Nakuandikia kwa sababu nikilisema hili kwa mdomo nitalikatiza njiani.

Nilikuwa na miaka 11. Agosti 1972 Amin alikwenda kwenye kambi ya jeshi Tororo, akawaambia askari kwamba Mungu amemwotesha: Wahindi waondoke. Wakapewa siku 90. Hapa kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani watu walitoka nje wakigonga masufuria, nami nikagonga.

Furaha ile ilikuwa na mizizi yake. Mkulima wa pamba alilima, ila kinu cha kuichambua kilikuwa cha wengine. Mwingereza ndiye aliyeipanga hivyo, yeye juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara ukafuata ngozi. Kwenye fujo za 1949 kule Buganda, haki ya kuchambua pamba yetu wenyewe ilikuwa mojawapo ya madai. Miaka kumi baadaye Waganda wakagomea maduka ya Wahindi. Na bibi yako alikuwa yaya katika nyumba moja ya Gokhale Road. Alilea watoto watatu pale, wakawa wanamlilia akiondoka jioni, lakini chai aliinywa kwenye kikombe chake cha bati, kilichokaa nje dirishani kisije kikachanganyika na vyao. Kikombe hicho nimekishika kwa mkono wangu. Kwa hiyo ukiniambia unadharauliwa nakuamini, tena inaniuma.

Lakini palikuwa pia na duka la pale kona. Mwenye duka alizaliwa Kamuli, Lusoga alikisema kuliko sisi watoto wa Walukuba tuliolelewa kwa Kiswahili. Alikuwa na daftari la mikopo lenye jalada jeusi. Mshahara ukichelewa, unakwenda unapewa unga, chumvi, mafuta ya taa, anaandika. Binti yake alikuwa rika langu. Tulicheza kwepena pamoja nyuma ya duka, na yeye ndiye aliyekuwa mgumu kupigwa na mpira kuliko sote.

Baba yake alikuwa na karatasi za uraia wa Uganda. Alipanga foleni Kampala ili zikaguliwe, akaambiwa hazifai. Wengi yaliwakuta hayo hayo. Mwisho wa Oktoba wakapakia masanduku, tukajipanga barabarani kuwatazama. Watu walizomea. Mwanangu, nami nilizomea. Nilimzomea binti ambaye wiki moja kabla nilikuwa nacheza naye mpira. Alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, akanitazama mpaka gari likapinda. Sijawahi kukwambia hili, wala baba yako sikumwambia.

Siku ile babu yako alininunulia soda, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya Idi.

Yaliyofuata umeyasikia. Duka likapewa mtu wa jeshi, mmoja wa wale matajiri wapya tuliowaita mafuta mingi, na baada ya miezi michache rafu zikawa tupu. Sukari ikawa ya foleni, magendo ikawa kazi, nguo tukazifua kwa majani ya mpapai.

Sasa huyu kijana, Zohran Mamdani. Baba yake, Mahmood Mamdani, ni miongoni mwa waliofukuzwa mwaka ule. Alirudi baada ya Amin kuanguka. Mwaka 1984 serikali ya Obote ikamvua uraia akiwa mkutanoni Dakar. Akarudi tena. Mtu aliyetupwa nje mara mbili anarudi, anamzaa mtoto wake Kampala mwaka 1991, na jina la kati anampa Kwame kwa heshima ya Nkrumah. Wewe unayejua uchungu wa kuwa ugenini, hebu lifikirie hilo.

Najua watu wa New York hawakumchagua kwa ajili yetu. Zaidi ya milioni 2 walipiga kura, na mazungumzo yao yalikuwa kodi za nyumba, mabasi ya bure na malezi ya watoto. Lakini kwenye kampeni mbunge mmoja wa Marekani alitaka avuliwe uraia alioupata 2018 na afukuzwe nchini. Nilipolisikia hilo redioni niliweka mwiko chini. Ni foleni ile ile ya Kampala.

Walimsema pia kwamba alipoomba kuingia chuo kikuu alitia alama kwenye kisanduku cha Mwasia na kile cha Mwafrika. Mimi naona fomu ile haikuwa na kisanduku chake. Na yetu je? Katiba yetu imeorodhesha makabila 65, na Wahindi hawamo ingawa wameomba. Tororo ile ile ya ndoto ya Amin ilimchagua Sanjay Tanna kuwa mbunge mwaka 2006, jambo ninalojivunia. Mwaka uliofuata watu wakaandamana Kampala kuutetea msitu wa Mabira usikatwe kwa ajili ya miwa ya kampuni ya Wahindi, madai ya haki kabisa, na Mhindi aliyekuwa akijipitia njiani akapigwa mpaka akafa.

Umeuliza ni wetu kwa kipi. Kitovu chake kimezikwa hapa, basi. Wala si kwa sababu ni Mwislamu mwenzetu, wala kwa kuwa amefika kwa wakubwa. Kinachonisumbua ni yule kijana wa Kihindi anayeuza vipuri vya pikipiki hapa Main Street, mzaliwa wa Jinja, ambaye hajashinda uchaguzi wowote. Yeye hakuna aliyewahi kumwita mtoto wetu, hata mimi. Jana nilikwenda kwake kununua balbu, nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema, "Hapa, mama." Niliona haya kwa kuuliza.

Msimamizi wako usimvumilie kwa sababu yangu. Andika tarehe, maneno aliyoyasema na nani alikuwepo, umpelekee aliye juu yake. Kosa ni lake, lisiende kwa mwingine.

Na ile soda. Babu yako hakukueleza pesa yake ilitoka wapi. Kwenye daftari lile jeusi tulikuwa tunadaiwa shilingi 38. Familia ile ilipoondoka, deni likaondoka nayo, na mshahara wa mwezi ule ukafika nyumbani mzima.

Mama yako