Tuulizane Nani Kashika Mlango

Wiki hii mmetuuliza: kampuni moja ikihodhi mawasiliano, intaneti ya bei nafuu itafika majumbani na kwenye biashara? Jibu langu ni hapana, hata kama wauzaji watakuwa mia.

Nasema hivyo kwa sababu Kenya tumeshayaona. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1999, Telkom Kenya iliachiwa haki ya peke yake ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa hadi Juni 2004. Kampuni za kuuza intaneti zilikuwepo Nairobi, tena zikigombea wateja kwelikweli. Lakini njia ya kupeleka data nje ya nchi zote zilinunua pale pale, JamboNet, mtandao wa Telkom. Sasa zishindane kwa lipi, rangi ya bango? Aliyewahi kuingia saiba, duka la kukodi kompyuta yenye intaneti, miaka hiyo atakumbuka: mtu anakuja barua pepe yake ameshaiandika kwenye karatasi, anainakili mbio mbio, jicho moja kwenye saa, maana analipa kwa dakika.

Kilichokuwa kichekesho hasa ni safari ya data yenyewe. Ujumbe wa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, wote wako Nairobi, ulipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ukafika ng'ambo, kisha ukarudi vivyo hivyo. Kwenda kulilipiwa, kurudi kulilipiwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni hizo, kupitia chama chao TESPOK, zikafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Tume ya Mawasiliano, CCK, ikakifunga baada ya wiki mbili hivi! Mabishano yakaendelea hadi Februari 2002 ndipo kikafunguliwa tena.

Wapo waliotetea ukiritimba ule kwamba ungeleta fedha za kupeleka simu vijijini. Hoja si mbaya, ila simu vijijini zilipelekwa na minara ya simu za mkononi, si nguzo za Telkom.

Mwaka 2009 kebo za baharini TEAMS na SEACOM zikaanza kazi Mombasa, EASSy ikafuata mwaka 2010. Watu husifu kebo kwa kasi. Mimi nasifu kwamba hazikuwa za mwenyewe mmoja. Ingekuja moja peke yake tungepata kasi kwa bei ya mwenye kebo.

Na msidhani mambo hayo yamekwisha. Jengo ninaloishi, mwenye nyumba amepatana na kampuni moja tu ya faiba, yaani intaneti ya waya. Jirani yangu alijaribu kuita nyingine. Fundi akafika na ngazi na bunda la waya begani, mlinzi akamwambia hapa kuna wenyewe. Jengo la pili wanalipa pungufu yetu kwa kasi ile ile, kwa kuwa kampuni tatu zinaingia. Duka la chini linalotumia mashine ya kulipia, mtandao ukikatika linafunga hesabu, hakuna pa kukimbilia. Serikali iwakataze wenye majengo kuuza haki ya kupitisha waya kwa kampuni moja. Mwenye leseni yoyote apite, alipie matundu anayotoboa, basi.