Kwa upole na kwa hofu

Masasi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hatujambo, mama yako ananuka salfa, mikorosho inapuliziwa.

Umeniuliza umjibu vipi mwenzako wa chumba huko chuoni anayesema Ukristo ni dini ya mkoloni, tunaabudu miungu watatu, na Wakristo wenyewe ni wanafiki. Hutaki kuonekana mnyonge.

La miungu watatu, mwambie Imani ya Nikea tunayoikiri kanisani inaanza na Mungu mmoja. Akibisha, mwache. Mimi mwenyewe Utatu sijaumaliza, na anayedai kaumaliza namwogopa.

La mkoloni lina mambo. Towashi wa Kushi, Mwafrika, katika Matendo ya Mitume sura ya 8 alibatizwa njiani, hakuna Mwingereza karibu. Na hapa kwetu, mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana aliposhuka Lindi akitokea Unguja, aliandamana kwa miguu hadi Masasi na watu waliokombolewa utumwani. Hao ndio Wakristo wa mwanzo wa mji huu, watu walioujua mnyororo. Padri Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, alipata upadri mwaka 1890 na akatumika Chitangali.

Lakini usimalizie hapo ukadhani umeshinda. Misheni zilikaa kwenye kivuli cha Mjerumani, kisha cha Mwingereza, na wengi wao waliona jando letu ni ushenzi mtupu. Ilibidi aje Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, ndipo likatafutwa jando la Kikristo. Babu yako alipitia hilo. Kwa hiyo mwenzako ana hoja. Mpe hoja yake, hutapungukiwa na kitu.

La unafiki ndilo lililoninyima usingizi.

Unamkumbuka jirani yetu wa mwembeni, yule Mwislamu aliyekuwa akikuletea pilau kila Idi? Mwaka mmoja mtoto wake aliugua kabla ya msimu. Nikampa hela kidogo, nikachukua korosho zake zingali mtini. Kangomba, mwanangu. Mimi, mzee wa kanisa. Msimu ulipofika nikazipeleka ghalani kwa jina langu, nikapata mara kadhaa ya nilichompa. Siku moja kijiweni akaniuliza mbele ya watu, "Mzee wa kanisa, huko mnasoma Kitabu gani?" Nikawaka. Nikamwambia anaitukana dini yangu, nikamwaga aya kama mahindi. Watu wakanyamaza, nami nikarudi nyumbani nikijiona nimemtetea Kristo.

Hakuwa ametukana dini. Alikuwa ananidai.

Nilikaa miezi minne ndipo nikamwendea na hela yake. Alizihesabu mara mbili (ni haki yake), kisha akamwita mkewe alete chai. Hatukuzungumza dini hata chembe siku ile.

Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Nilifundisha aya hiyo kipaimara miaka tisa, na kila mara nilikuwa naishia kabla ya hilo "lakini".

Huyo mwenzako, mwulize ni Mkristo gani aliyemfanyia unafiki. Usimjibu. Msikilize mpaka amalize.

Ukija likizo mlete, mama yako atapika ugali wa muhogo. Jirani anakusalimu, anauliza kama bado unapenda pilau.

Baba yako