Inhela haizoeshi mapafu

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na ana pumu. Kliniki walimpa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya kahawia alitumia miezi miwili, akawa mzima kabisa, nikaisitisha. Mama mkwe anasema inhela zinazoesha mapafu na mtoto hatapumua tena mwenyewe, kwa hiyo hata ya bluu nampa usiku tu akizidiwa. Sasa sokoni kuna unga wa "kusafisha mapafu", wanasema siku 21 pumu inakwisha. Nimpe? – Mama wa Muheza

JIBU: Marahaba, mama. Unga usimpe. Ile ya kahawia mrudishie leo hii kama ulivyoandikiwa, na ya bluu mpe kila anapobanwa, iwe usiku au mchana, kisha mpeleke kliniki wamwangalie upya.

Hili neno "kuzoesha" nakutana nalo kila siku ya kliniki, na najua linakotoka. Mitaa mingi ina kisa cha kijana aliyekutwa amefariki inhela ikiwa mkononi, watu wakasema inhela ndiyo iliyomuua. Wengi wanaofariki hivyo walikuwa wanaishi kwa inhela ya bluu peke yake, na wapo walioiacha ya kahawia kwa kuambiwa inazoesha.

Ndani ya kifua njia ya hewa inagawanyika kama matawi ya mti, karibu mara 23, hadi kufikia vifuko vidogo vya hewa. Vile vijitawi vyembamba vimezungukwa na misuli. Kwa mwenye pumu, ukuta wa ndani umevimba, ute umekuwa mzito na misuli imejikaza. Akivuta pumzi, kifua kinapotanuka njia zinafunguka kidogo. Akitoa, zinabanana. Kwa hiyo hewa inaingia lakini haitoki yote. Mweke mkono mgongoni akiwa amebanwa usikie: kuvuta ni kufupi, kutoa ni kurefu na kuna mluzi. Anapolia "mama, sipati hewa", kifua chake kimejaa hewa iliyokwama.

Ya bluu ni salbutamoli. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Uvimbe haiutibu. Unaotulizwa na ya kahawia ni huo uvimbe, polepole, kwa siku na wiki, na kwa kuwa haileti nafuu papo hapo watu wanaiona ya bure. Mwanao alipokuwa mzima ile miezi miwili, ndivyo dawa inavyoonekana ikifanya kazi. Ulipoiacha, uvimbe ukarudi kimyakimya. Mwenye presha akiacha vidonge presha ikapanda, hakuna anayesema mishipa yake ilizoea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nyumba zilezile zinazoogopa inhela zinanunua vidonge vya salbutamoli duka la dawa bila wasiwasi. Kidonge cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000. Inhela ukiibonyeza mara moja inatoa 100. Kidonge kimoja ni sawa na kubonyeza mara 40, tena kinazunguka mwili mzima: mikono ya mtoto inatetemeka, moyo unamwenda mbio, na kinachofika kwenye mapafu ni kidogo.

Sasa huo unga. Mapafu hayasafishwi kwa kitu cha kumeza. Kinachomezwa kinakwenda tumboni. Ukiona unga wa mtaani unakata pumu ndani ya siku mbili, shaka yangu ya kwanza ni kwamba umechanganywa na vidonge vya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Maabara za nchi nyingi zimekuta deksamethasoni, moja ya steroidi hizo, ndani ya dawa zilizouzwa kama za asili. Mtoto anapata nafuu ya ajabu, anakula sana, mashavu yanaumuka, watu wanasema amenenepa, dawa nzuri. Huku ndani tezi zake zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, na siku unga ukikatishwa ghafla anaweza kuzimia hata kufa. Mazoea ambayo mama mkwe anayaogopa kwenye inhela, yamo ndani ya huo unga, na anayeuuza hatakuwepo siku hiyo. Kama kuna msomaji ambaye mtoto wake ameshautumia kwa wiki kadhaa, usiukatishe kimyakimya nyumbani. Nenda hospitali na pakiti mkononi, leo.

Inhela ya kahawia nayo ni steroidi, lakini kwa mikrogramu, na inakwenda mahali penye ugonjwa. Asukutue mdomo kila baada ya kuitumia, asipate utando mweupe.

Wengi pia wanaipuliza kooni tu. Ili dawa ifike kwenye mapafu, chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa utepe wa gundi. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita kwenye shingo ya chupa. Ukiiosha kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi, au mluzi ukipotea ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Mbonyezee ya bluu kwa chupa, mara moja moja hadi nne au zaidi, rudia kila baada ya dakika 20, na yote hayo yafanyike mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kopo la bluu kwa kawaida lina dozi 200. Andika juu yake kwa kalamu tarehe uliyolifungua. Likiisha kabla ya miezi mitatu, usinunue jingine ukanyamaza. Nenda nalo kliniki likiwa tupu hivyohivyo, waone tarehe.