Picha ya timu ya watoto ukumbini: sogeza taa nyuma

Kosa la taa kwenye picha ya timu hujitangaza usoni. Mtoto aliye karibu na flashi kawa mweupe kama karatasi, wa nyuma kabisa kabaki kivuli chenye jezi. Wengi wakiona hivyo huongeza nguvu ya flashi. Wa mbele anazidi kuungua, wa nyuma anang'aa kidogo tu. Kinachotakiwa kubadilika ni umbali.

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Chukua safu tatu: waliopiga goti, waliokaa kwenye benchi, waliosimama. Toka mbele hadi nyuma ni kama mita 1.5. Taa ikiwa mita 2 kutoka safu ya mbele, safu ya nyuma iko mita 3.5, na inapata theluthi moja tu ya mwanga wanaopata wenzao. Irudishe taa hadi mita 6. Sasa nyuma ni mita 7.5, na inapata karibu theluthi mbili. Tofauti hiyo jicho haliisumbukii, na ikibaki kidogo utaimaliza kwenye kompyuta. Gharama yake ni kwamba kutoka mita 2 hadi 6 unapoteza mwanga mara tisa, kwa hiyo flashi itafanya kazi kweli kweli. Nenda na betri za akiba.

Kwa timu ya watoto 15 hivi, flashi mbili za kawaida zenye miavuli ya kutawanya mwanga zinatosha. Zisimamishe sambamba na kamera au nyuma yake kidogo, moja kila upande, mita 1.5 hadi 2 kutoka kwako. Ukizipeleka mbali sana pembeni, kila kichwa kitamtupia jirani yake kivuli, tena viwili vinavyopishana. Taa ya kushoto ielekeze kwa watoto wa kulia, na ya kulia kwa wa kushoto, ili kitovu cha mwanga kiende kwa walio mbali na walio karibu wapate ukingo wake.

Urefu wa taa kutoka sakafuni ni mita 2.5 hadi 3. Chini ya hapo, vichwa vya safu ya mbele vitawazibia wa nyuma. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa: waambie watoto wote wanyooshe mkono kama wanaiona miavuli yote miwili bila kuinua kidevu. Asiyenyoosha, msogeze, maana asiyeiona taa hapati mwanga wake. Watoto huugeuza mchezo, na safu hujipanga zenyewe.

Anzia hapa: shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/160, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 400, flashi nusu ya nguvu, lenzi ya milimita 50 kwa kamera ya sensa kubwa (full-frame). Kwa umbali wa mita 6, f/5.6 inashika safu zote tatu bila taabu. Fokasi iweke kwenye nyuso za safu ya kati. Usitumie lenzi pana kwa sababu tu ukumbi ni mfinyu. Walioko pembeni watavutika wanenepe, na mzazi wa mtoto huyo hatasahau.

Kabla ya kuwasha flashi, piga picha moja bila flashi kwa vipimo hivyohivyo. Inapaswa kutoka nyeusi au karibu na nyeusi. Ikionyesha nyuso vizuri, taa za dari zinaingia kwenye picha yako, na nyingi zina rangi ya kijani au ya machungwa. Hapo utapata ngozi ya rangi mbili: upande wa flashi safi, upande wa kivuli umechakaa, na hakuna mpangilio mmoja wa rangi utakaotibu zote mbili. Shusha ISO hadi 200 na upandishe flashi hadi nguvu kamili. Kuzima taa za dari ni njia nyingine, ila uliza kwanza ni za aina gani. Zile kubwa za gesi zikizimwa hazikubali kuwaka tena mpaka zipoe, na unaweza kukaa dakika kumi gizani na timu nzima yenye mipira.

Shata nayo usiipandishe ovyo. Kamera nyingi zikipita 1/200 au 1/250 hukata sehemu ya mwanga wa flashi, ukaona mstari mweusi chini au juu ya picha.

Wenye miwani: inua taa zaidi, au mwambie mtoto anyanyue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo vielekee chini. Haionekani kwenye picha.

Ukuta wa nyuma uwe mita 2 au 3 kutoka safu ya mwisho, vivuli vishukie sakafuni. Ukuta huo ukiwa na vioo au rangi ya kung'aa, sogea hatua mbili pembeni na wapange upya kukufuata.

Kila stendi ya taa itundikie mguuni mfuko wa mchanga, au dumu la maji la lita 5, kabla mwavuli haujafunguliwa. Waya ubandikwe sakafuni kwa utepe wa gundi.

Piga angalau picha nane, ukiacha sekunde tatu au nne kati yake flashi ijijaze. Ukibonyeza haraka, ya tatu itatoka nusu giza, na kwa kawaida ndiyo ambayo hakuna aliyefumba macho.