Siku zangu za shambani zinaweza kumsaidia mtoto wa kaka yangu?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni wakimbizi kutoka Kivu Kusini, tulifika Idaho mwaka 2022. Mwaka jana tulihama Twin Falls tukaja upande wa Caldwell kufuata kazi ya vitunguu. Ninalea mtoto wa marehemu kaka yangu, sasa ana miaka 19. Alipofika hapa aliwekwa darasa la kumi bila kujua Kiingereza, akakata tamaa, akaacha shule. Nimesikia kuna mpango unaitwa HEP, wa watu wa mashambani. Lakini anayefanya kazi shambani ni mimi, si yeye, na mimi si baba yake mzazi. Mke wangu yuko kiwanda cha nyama. Kijana anaweza kupokelewa? Mtihani upo kwa Kiswahili? Tena binti yangu wa miaka 16 anasema naye ataacha shule afanye mtihani huo pamoja na kaka yake. Nimwambieje?

JIBU: Habari ni nzuri, baba. Pole kwa msiba wa kaka, na hongera kwa kumlea mwanawe.

Nianze na lile linalokupa wasiwasi zaidi. HEP ni mpango wa serikali kuu ya Marekani, ulianza mwaka 1967, na unawasaidia wafanyakazi wa mashambani na watoto wao kupata cheti kinacholingana na cha sekondari. Sheria yake inahesabu kazi ya mwombaji mwenyewe au ya mtu wa karibu wa familia yake. Mtu wa karibu si mzazi peke yake. Ni pia mlezi wa kisheria, au mtu aliyemwandika kijana kama mtegemezi kwenye fomu ya kodi katika mwaka mmoja wa miwili iliyopita, au ndugu anayeishi naye nyumba moja na kumsaidia kwa fedha. Familia zetu nyingi zimeishia mlangoni kwa kudhani "mzazi" maana yake ni aliyekuzaa tu. Baba mdogo anayelisha na kuvisha anahesabika. Chukua fomu ya kodi ya mwaka jana uangalie kama jina la kijana limo. Kama limo, hiyo karatasi iweke juu kabisa ya faili lako.

Sasa siku. Zinatakiwa siku 75 za kazi ya shamba ndani ya miezi 24 iliyopita, na kazi hiyo iwe ya msimu au ya muda, tena iwe ndiyo kazi yako kuu. Si lazima zifuatane. Kaa mezani na karatasi zako za malipo uhesabu siku moja moja. Tuseme ulipalilia vitunguu wiki 9, siku 5 kwa wiki: hizo ni 45. Halafu ukavuna wiki 6, siku 6 kwa wiki: 36. Jumla 81, umevuka. Usikadirie kwa kichwa, maana kichwa husahau siku za mvua na husahau pia zile Jumamosi ulizoitwa ghafla. Ukilipwa na mkandarasi badala ya mwenye shamba, siku ni halali vilevile. Kama karatasi zimepotea, mwombe mkandarasi barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza, na umwombe sasa, msimu haujaisha, kabla hajahamia jimbo jingine.

Kazi ya mke wako ni hadithi nyingine. Kwa HEP, kazi ya shamba ni kuzalisha mazao, maziwa, kuku na mifugo, kupanda na kuvuna miti, na ufugaji wa samaki. Kukata nyama kiwandani hakumo, kwa hiyo siku zake usizichanganye na zako.

Ila umesema neno moja ambalo pengine hukuona uzito wake: mlihama. Kuna mpango mwingine wa serikali, unapitia kwenye shule za umma, wa elimu ya watoto wanaohamahama kwa sababu ya kilimo. Familia ikihama kutoka wilaya moja ya shule kwenda nyingine kufuata kazi ya kilimo ya msimu au ya muda, mtoto anaweza kuandikishwa kwa miezi 36 tangu siku ya kuhama, mradi hajafika miaka 22 na hajamaliza sekondari. Aliyeacha shule naye anaandikishwa. Huko hata hatua za kwanza za kusindika mazao au mifugo zinahesabika, ikiwa kazi ni ya muda. Na mtu anayestahili mpango huo amefungua mlango wa pili wa HEP, hata kama siku 75 zitagoma kutimia. Piga simu ofisi ya wilaya ya shule ya Caldwell, uliza mwandikishaji wa watoto wa wahamaji. Atakuja nyumbani, atauliza mlihama lini, kutoka wapi, mlikuja kufanya kazi gani. Jibu kwa tarehe.

Masharti mengine ni mafupi: awe na miaka 16 au zaidi, asiwe ameandikishwa shule, asiwe na cheti cha sekondari. Hadhi yenu ya ukimbizi haiwazuii, na kusoma huku hakuharibu ombi la kadi ya kijani. HEP hutoa masomo bure na mara nyingi hulipa ada ya mtihani. Chuo Kikuu cha Boise State kimeuendesha kwa miaka mingi. Lakini uliza kwanza: fedha hutolewa kwa vyuo kwa vipindi vya miaka 5, na mwaka 2025 serikali ilipendekeza kuzifuta kabisa, kwa hiyo chuo kilichokuwa nao jana huenda leo hakina. Wasipokuwa nao, madarasa ya elimu ya watu wazima yaliyo kwenye vyuo vya jamii yanaandaa mtihani uleule.

Mtihani wenyewe ni GED. Hakuna wa Kiswahili wala Kifaransa; upo kwa Kiingereza na Kihispania tu. Kwa hiyo kijana aanze Kiingereza leo, asingoje barua ya kukubaliwa. Masomo ni manne: hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Alama ya kupita ni 145 kwa kila somo kati ya 200, na anaweza kufanya somo moja moja. Kwa vijana wetu napenda waanze na hisabati, kwa kuwa maneno yake ni machache.

Hapo hapo kwenye hisabati pana shimo ambalo nimeona vijana kutoka Congo wakiangukia, hata wale wenye akili kali. Kwenu mliandika 2,5 kwa maana ya mbili na nusu. Hapa ni 2.5, na mkato hutenga maelfu. Mtoto anasoma 1,500 anaona moja na nusu, wakati ni elfu moja na mia tano. Anafanya hesabu zake zote sawasawa, anakosa jibu, anaamini hajui hesabu. Mwandikie kwenye karatasi jozi kumi za namna hiyo, abandike karibu na kitanda. Halafu futi, inchi na pauni: ampime mdogo wake kwa futi, asome vipimo vya dukani, avizoee kwa mikono.

Kwenye lugha kuna insha ya dakika 45. Wanampa maandishi mawili yanayopingana, aseme yupi ana hoja yenye ushahidi bora. Shuleni kwetu tulifundishwa kukariri na kurudisha somo kama lilivyo, na mtoto akiandika maoni yake tu anadhani amejibu. Hawaulizi maoni yake. Wanataka aonyeshe kwa kidole: sentensi hii ina takwimu, ile ni madai matupu.

Akishindwa somo, ana nafasi mbili za kurudia bila kungoja. Baada ya hapo husubiri siku 60. Na akiona mtandaoni mtu anauza diploma kwa mtihani wa saa chache nyumbani bila msimamizi, aifunge hiyo kurasa. Nimepokea watu waliokuja na vyeti vya namna hiyo, wamelipa mamia ya dola, na hakuna chuo kilichovitambua.

Binti yako ndiye anayenifanya niandike kwa haraka. Asiache shule. HEP haimpokei aliye shuleni, kwa hiyo kwake kuingia maana yake ni kutoka kwanza, na akitoka akashindwa Kiingereza cha mtihani atabaki nje ya vyote viwili. Hiyo njia anayoiita fupi ni ya mtu ambaye mlango mkubwa umeshamfungia. Kwake bado uko wazi: Idaho inamruhusu kusoma shule ya umma hadi miaka 21, na anahitaji krediti 46 kuhitimu, yaani pointi ambazo shule humhesabia kwa kila somo alilofaulu. Mpango wa watoto wa wahamaji unaweza kumpa masomo ya ziada akiwa palepale darasani.

Nenda naye shule wiki hii umwone mshauri wa wanafunzi. Omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya siku yenyewe. Shule inawajibika kumleta bila malipo, na binti asitafsiri mazungumzo yanayomhusu yeye. Uliza amepata krediti ngapi, amebakiza ngapi, na zipi anaweza kuzifidia wakati wa kiangazi. Waambie waandike namba hizo kwenye karatasi, na mrudi nayo nyumbani.